Mamlaka ya Getini: Utangulizi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya hospitali moja binafsi mjini Bariadi, mkoani Simiyu, watu wapatao ishirini walikuwa wamejipanga kwenye geti la chuma. Wengi walileta chakula cha wagonjwa: hotipoti zilizofungwa kwa khanga, chupa za uji, mfuko mmoja wa michembe. Mlinzi alikuwa na sare ya bluu iliyopauka mabegani, rungu kiunoni na filimbi shingoni. Juu ya meza yake kulikuwa na kaunta buku iliyochorwa mistari kwa rula: tarehe, jina, simu, unakotoka, unakwenda kwa nani, sababu, saa ya kuingia, sahihi.

"Mwangaluka, mayu. Andika hapa."

Mama yule hakujua kuandika. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akachukua kalamu amwandikie. Jina? Akataja. Unatoka wapi? Itilima. Sababu? Mama akainama, akamnong'oneza. Kijana hakusikia vizuri, akauliza tena, kisha akawa anaandika huku akilitamka neno silabi kwa silabi, kama afanyavyo mtu anayeandika polepole. Foleni nzima ikajua kilichomleta mama yule hospitali.

Sikumlaumu kijana. Alifanya alichoelekezwa, tena kwa upole kuliko wengi. Ila niliondoka na swali ambalo ndilo mlango wa somo hili: nani alimpa mamlaka ya kuuliza? Na kama yule mama angekataa kujibu, angemfanya nini?

Mwanafunzi wa sheria hulikuta jibu vipande vipande. Kipande kimoja kipo kwenye mwenendo wa makosa ya jinai, kingine kwenye sheria ya mali, kingine kwenye sheria za afya, za kazi, za taarifa binafsi. Ukivikusanya unapata uwanja mdogo lakini wenye mambo mengi, na ninakukaribisha ndani yake kupitia geti hilohilo. Dai langu ni moja, na nitalirudia kila tutakapokwama: mamlaka ya mlinzi wa kampuni ni ya kuazima, na mwenye nyumba hawezi kumwazima mtu kitu asichokuwa nacho.

Kwa nini Simiyu? Kwa sababu ni mkoa ambao watu wake wana kumbukumbu ndefu ya ulinzi usio wa polisi. Simiyu yenyewe ni changa, ilimegwa mwaka 2012, sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 2.1. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado za Shinyanga, ndipo sungusungu walipoibuka katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, silaha zimezagaa, ng'ombe wanaibwa makundi kwa makundi, na kituo cha polisi kiko mbali. Vijiji vikajiwekea makamanda, vikaamka kwa mwano, yaani yowe la hatari ambalo kila mwanamume alipaswa kuliitikia, vikafuata nyayo za mifugo usiku kucha. Mwanaanthropolojia Ray Abrahams aliandika makala juu yao katika jarida la African Affairs mwaka 1987, na bado ni pazuri pa kuanzia kusoma.

Kinachotuhusu hapa ni jinsi sheria ilivyowafuata nyuma. Sheria ya mwaka 1975 ilikuwa imeshawapa mgambo walio kazini mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya konstebo wa polisi. Marekebisho ya mwaka 1989 yakayaingiza makundi ya jadi ya ulinzi, sungusungu wakiwemo, chini ya mwavuli huo. Kwa hiyo mzee wa Itilima aliyekulia katika miaka hiyo anajua kwa uzoefu wake kwamba raia aliyepewa kazi ya kulinda anaweza kukukamata, na Bunge limebariki. Anapomwona kijana mwenye sare kwenye geti la hospitali, anamweka kwenye kapu hilohilo. Humwita "askari", wengine "afande". Na kijana hakatai, nani angekataa?

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia, na ni kosa la lugha. Neno "askari" limewabeba watu wanne wasiofanana. Yupo polisi. Yupo mgambo au sungusungu, ambaye mamlaka yake yameandikwa. Yupo polisi msaidizi, anayewekwa chini ya sheria ya Jeshi la Polisi katika eneo maalumu na kupewa nguvu za polisi ndani ya mipaka ya eneo hilo. Halafu yupo mlinzi wa kampuni, ambaye sheria ya jinai inamtambua kwa jina moja tu: mtu binafsi. Sare yake haimwongezei chochote. Hata kijana aliyepita mafunzo ya JKT au mgambo, sifa inayotajwa mara nyingi kwenye matangazo ya kazi hizi, akivaa sare ya kampuni na kusimama getini ameacha mamlaka ya mgambo nyumbani. Mafunzo yamebaki kichwani mwake, mamlaka hayakumfuata.

Basi ana nini? Ana viwili. Cha kwanza ni kile alichonacho muuza nyanya wa sokoni na mwalimu wa shule ya msingi: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu mtu binafsi kumkamata anayetenda mbele yake baadhi ya makosa ambayo polisi angeweza kuyakamatia bila hati. Zingatia maneno "mbele yake". Kusikia kwamba mtu aliiba jana hakutoshi. Kumshuku kwa sababu anatembeatembea kwenye korido bila kiatu hakutoshi.

Cha pili kina maana zaidi kwetu. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mtu anayekutwa akitenda kosa la kuharibu mali anaweza kukamatwa na mwenye mali, watumishi wake, au watu aliowaidhinisha. Mlinzi wa kampuni yumo kwenye maneno hayo ya mwisho. Ni mtu aliyeidhinishwa. Nguvu zake ni za mwenye mali, zimepitia mkataba kati ya hospitali na kampuni, zikamfikia yeye mwishoni kabisa mwa mnyororo. Na akishakamata, kazi yake inaishia hapo: lazima amkabidhi mtu huyo polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hana ruhusa ya kuhoji, kupiga picha za kuweka kwenye kundi la WhatsApp, wala kumfungia mtu kwenye stoo ya majenereta mpaka meneja arudi kutoka Mwanza.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Kijana anachomoa simu iliyokuwa ikichajiwa kwenye wodi ya wazazi, ndugu wa mgonjwa wanamwona, wanapiga kelele, anakimbilia getini. Mlinzi anamdaka. Ni halali. Dakika mbili baadaye amezungukwa na watu thelathini, na sasa mlinzi ana mzigo mgumu kuliko ule wa kukamata: aliyeko mikononi mwake anapaswa kufika polisi akiwa hai. Katiba ya 1977, ibara ya 13, inamhesabu kijana huyo kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo, na inakataza mtu yeyote kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Kesi za mlinzi mwenyewe kupandishwa kizimbani huanzia katika dakika hizo, kwa sababu rungu lililochomolewa kuwatuliza watu limetua kichwani mwa mtuhumiwa. Nguvu anayoruhusiwa ni ile inayohitajika kumzuia mtu asitoroke au kujikinga na shambulio. Ikizidi hapo, aliyekamata amekuwa mshtakiwa.

Sasa tuje kwenye leseni, ambako watu wengi hudhani pana mengi kuliko yaliyopo. Kwa miongo mingi Tanzania Bara iliendesha sekta hii bila sheria moja mahususi. Kampuni husajiliwa BRELA, huomba kibali cha Jeshi la Polisi, huchukua leseni ya biashara, na ikitaka bunduki huingia kwenye masharti ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015. Angalia nani anayepewa karatasi hizi zote. Ni kampuni. Mlinzi mwenyewe huajiriwa kwa barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, wadhamini wawili, na alama za vidole. Ukimwomba leseni yake atakuonyesha kitambulisho cha kazi, na hatakuwa amekudanganya.

Majirani walichukua njia nyingine. Uganda iliweka kanuni za polisi za kudhibiti mashirika ya ulinzi binafsi mwaka 2013. Kenya ilipitisha sheria kamili mwaka 2016, shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate likiwa bado jeraha bichi, ikaunda mamlaka ya usimamizi na kutaka kila mlinzi, kama mtu mmoja mmoja, asajiliwe. Ikaenda mbali zaidi: mlinzi wa jengo anaweza kukutaka ujitambulishe, kuandika saa uliyoingia na kutoka, na kushikilia kitambulisho chako kwa muda. Yaani kaunta buku ya Nairobi ina kifungu cha sheria nyuma yake. Ya Bariadi inasimama juu ya haki ya mwenye kiwanja kuweka masharti ya kuingia kwake. Mimi siyo shabiki mkubwa wa kifungu cha Kenya, kwa kuwa kimempa mlinzi nguvu ambayo hospitali ingepaswa kuitumia kwa woga. Lakini angalau kimeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kupingwa mahakamani.

Haki ya mwenye kiwanja, basi. Katika hoteli au kiwanda cha kuchambua pamba haina utata: usipokubali begi lako likaguliwe, rudi ulikotoka. Hospitali ni kitu kingine, hata ikiwa ya mtu binafsi, na historia yetu inaeleza kwa nini. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya kibiashara. Zikabaki za serikali na za taasisi zilizoidhinishwa kama makanisa. Marekebisho ya mwaka 1991 yakafungua tena mlango kwa daktari kufungua hospitali yake na kutoza ada. Hospitali binafsi iliyopo leo mjini Bariadi au Maswa ni mtoto wa mwaka huo. Ni biashara yenye kibali cha kufanya kazi ya umma, na mteja wake hawezi kusema "nitarudi kesho". Ridhaa ya mtu anayetoka damu si ridhaa ya mtu anayeingia baa.

Kwa sababu hiyo mlinzi wa hospitali huwa mtu wa kwanza kufanya uamuzi wa kitabibu bila kujua. Bodaboda inafika usiku na kijana aliyekatwa panga. Mlinzi anauliza: PF3 iko wapi? Fomu hiyo ya polisi ina kazi yake, inahifadhi ushahidi wa jeraha kwa ajili ya kesi. Ni karatasi ya daktari na mpelelezi, na haikuwahi kuwa tiketi ya geti. Damu inayomwagika haisubiri karatasi. Polisi wanaweza kuitwa waje wakati jeraha linashonwa. Lakini mlinzi aliambiwa siku ya kwanza ya lindo kwamba "wagonjwa wa polisi" bila PF3 ni matatizo, na yeye ni mtu wa kuepuka matatizo.

Waingereza walilitazama jambo hili moja kwa moja. Sheria yao ya mwaka 2008 ilifanya fujo ndani ya hospitali za umma kuwa kosa, na ikamruhusu mtumishi aliyeidhinishwa kumwondoa mtu kwa nguvu ya kadiri. Ila waliweka mlango wa dharura: kosa hilo halimhusu aliyekuja kutafuta tiba yake mwenyewe, wala hakuna ruhusa ya kumwondoa mtu ambaye kuna sababu ya kuamini kuwa anahitaji matibabu au kwamba kumtoa kutahatarisha afya yake. Mlevi anayetukana wauguzi atolewe. Mlevi mwenye jeraha kichwani abaki, atukane tu.

Nimeacha kwa makusudi, mpaka sasa, jambo linaloumiza zaidi. Kuna watu ambao daktari amewaruhusu lakini mhasibu hajawaruhusu. Mama amejifungua kwa upasuaji, amepona, mfuko wa nguo uko tayari, na getini anaulizwa risiti. Hana. Anarudishwa wodini, siku ya pili, ya tano, ya tisa, na kila siku inaongeza deni. Anayemrudisha ni mlinzi.

Rudi kwenye kanuni ya kuazima. Hospitali inamdai. Deni hilo ni la madai, linakwenda mahakamani kwa hati ya madai, kama deni la mbegu au la duka. Kutolipa kwa kukosa uwezo hakuharibu mali ya mtu wala si kosa alilotenda mbele ya mlinzi. Mwenye hospitali hana mamlaka ya kumfungia mdaiwa wake. Ibara ya 15 ya Katiba inalinda haki ya mtu kuwa huru, na Kanuni za Adhabu zinahesabu kumzuilia mtu isivyo halali kuwa kosa la jinai. Kama mwenye hospitali hana mamlaka hayo, amemwazima nini mlinzi? Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ililijibu swali hili katika kesi ya wanawake waliozuiliwa Hospitali ya Wazazi ya Pumwani kwa sababu ya bili: kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba. Uamuzi wa Kenya hauzifungi mahakama zetu, lakini hushawishi, na sioni njia ya kuufikia uamuzi wa kinyume kwa kutumia Katiba yetu.

Wenye hospitali wana jibu lao, na mwanafunzi mwaminifu hulisikiliza. Wanasema: tumenunua dawa, tumelipa mganga wa usingizi, mgonjwa anaondoka na simu yake imezimwa. Ni kweli. Hasara hiyo ipo na inaua vituo vidogo. Lakini ni hasara ya kutatuliwa na bima, mikataba ya malipo kidogo kidogo, na ofisi ya ustawi wa jamii. Geti haliwezi kuitatua, na kijana mwenye rungu ndiye wa mwisho kustahili kubebeshwa.

Isije ikaonekana kwamba geti halina kazi. Kuna wizi wa watoto wachanga, na mlinzi anayemsimamisha mwanamke mwenye kichanga na kuomba karatasi ya ruhusa anafanya jambo ambalo kila mama angependa lifanyike. Tofauti na kisa cha bili ni nyembamba kwa macho, lakini kubwa kisheria: hapa anathibitisha mtoto ni wa nani, kule anashika mtu rehani.

Kuhusu kaunta buku ya yule mama wa Itilima, sheria imebadilika kuliko geti lilivyobadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa awe na sababu halali na asichukue zaidi ya anachohitaji. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikuwa tayari inalinda siri ya hali ya mtu. Safu ya "sababu" inayojazwa "CTC", yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, kwa kalamu ya bluu, ikasomwa na kila anayeandika baada yake, inazigonga sheria zote mbili kwa pamoja. Na hapa kuazima kunafanya kazi upande wa pili: hospitali inapomweka mlinzi kukusanya taarifa za wagonjwa, inamkabidhi pia wajibu wake wa kutunza siri. Sijaona mlinzi aliyewahi kuambiwa hivyo.

Ya upekuzi nitayapita haraka. Mlinzi anakagua begi kwa ridhaa tu, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake. Mgonjwa wa akili anayehitaji kushikwa ni jambo la wahudumu wa afya chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, mlinzi akisaidia kwa maelekezo yao. Na mlinzi akimvunja mtu mkono, mahakama itauliza nani alikuwa akimwongoza saa ile, kampuni au hospitali, swali ambalo hutatuliwa na kanuni za madhara tulizorithi kutoka sheria ya Uingereza kwa tarehe ya mapokezi, 22 Julai 1920.

Lakini usimpite mlinzi mwenyewe. Zamu ya ulinzi iliyozoeleka ni ya saa kumi na mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, haitaki mtu afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na inaweka ukomo wa saa 50 za ziada katika kila wiki nne. Piga hesabu: zamu sita za saa 12 ni saa 72, ziada ya saa 27 kwa wiki, saa 108 kwa wiki nne. Zaidi ya mara mbili ya ukomo. Usiku anadai nyongeza ya asilimia 5. Tunajadili namna mtu huyu anavyopaswa kupima nguvu, faragha na dharura, na yeye hajalala vizuri tangu Jumatatu.

Ukitaka kuanza utafiti, usianzie maktaba. Nenda kwenye kibanda cha lindo uombe kusoma karatasi mbili: daftari la matukio, na maelekezo ya lindo. Daftari litakupa usiku mzima kwa mistari mitatu, mara nyingi "lindo shwari". Maelekezo ya lindo ndiyo sheria hai ya pale mahali. Yale niliyoyasoma Bariadi yalibandikwa nyuma ya mlango, karatasi imegeuka njano, vipengele kumi na kimoja, cha tisa kikisema mgonjwa asitoke bila risiti. Hayakuwa na tarehe, sahihi, wala muhuri. Nilimuuliza kijana nani aliyeyaandika.

"Niliyakuta, mwalimu," akasema, akageuka kumwandikia mtu mwingine.